Bahasha Ndani ya Bahasha

Kwa miaka minne nilimtunza mzee mmoja jimboni Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Kazi hiyo Waswahili wengi walioko ughaibuni wanaijua: kumwamsha mtu mzima kwa upole, kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa kwa saa zake, kisha kukaa naye mpaka jioni iingie. Juma la kwanza aliniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Nikamwonyesha orodha ya sokoni niliyokuwa nimeiandika asubuhi ile. Aliisoma yote, polepole, kama mtu anayesoma barua ya posa, akaridhika. Akanyoosha kidole kuelekea kabati la ukutani.

Mlikuwa na masanduku ya viatu yaliyopangwa kwa alfabeti. Kila sanduku lilijaa kadi za wachezaji wa beseboli, na karibu kila kadi ilikuwa na jina lililoandikwa kwa mkono wa yule yule aliye pichani. Mzee alianza kuzikusanya akiwa kijana, kwa njia ya posta. Hakuwahi kununua hata moja iliyokwisha kutiwa saini. Aliandika barua, akaomba, akasubiri. Sasa vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na anwani alizoandika zilikuwa zinamrudia kwa kuwa hazisomeki. Alihitaji mkono wa mtu mwingine. Nikawa karani wake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, yatosha kusema kwamba mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu, mpigaji huungoja na gongo lake, na akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Mpira ukivuka uzio wa uwanja, hana haja ya kukimbia. Huzunguka kwa mwendo wa bwana harusi, uwanja mzima ukimshangilia. Timu za Ligi Kuu ya Marekani hucheza mechi 162 kwa msimu mmoja, na tangu karne ya kumi na tisa wamepita katika ligi hiyo wanaume zaidi ya elfu ishirini. Wachache kati yao walitajirika. Wachache zaidi wanakumbukwa. Waliobaki walirudi makwao wakauza bima, wakafundisha shule, wakalima, wakazeeka.

Hao ndio mzee wangu aliowaandikia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unachukua kadi ya mchezaji, ile yenye picha upande mmoja na takwimu zake upande wa pili, aina ambayo kampuni ya Topps iliuza kwa watoto kwa miaka mingi pamoja na kipande cha ubani wa kutafuna. Unaandika barua ya ukurasa mmoja. Unatafuta anwani. Enzi za mzee, anwani zilipatikana katika kitabu alichokitoa Jack Smalling wa mji wa Ames, jimboni Iowa, toleo baada ya toleo, na nakala ya mzee ilikuwa imechakaa kama msahafu wa madrasa. Kisha unachukua bahasha ya pili, unaandika juu yake jina lako na anwani yako, unabandika stempu, unaikunja, unaitia ndani ya ile ya kwanza pamoja na barua na kadi. Unaziba. Unainua kile kibendera chekundu ubavuni mwa sanduku la barua, nje kwenye theluji, ili mtu wa posta ajue kuna cha kuchukua. Nyumbani kwetu barua ilikwenda S.L.P., na sanduku moja lilitosha shule nzima na nusu ya kata. Kule mtu wa posta anapita mlango kwa mlango. Bila yeye pasingekuwa na masanduku yale ya viatu.

Halafu unasubiri. Majibu mengine huja kwa wiki mbili, mengine kwa miezi mitano. Mengine huja baada ya miaka, pale mtu anapofariki na wanawe wakakuta rundo la barua zisizojibiwa, wakaona ni haki kuzirudisha. Mengine hayaji kabisa.

Nilipoanza sikuiona maana ya bahasha ya pili. Niliichukua kama utaratibu tu, kama kuambatisha picha mbili za pasipoti. Siku moja nilizisahau bahasha hizo katika barua tatu, nikazipeleka barua hivyo hivyo sandukuni. Mzee alipojua, alinitaka nitoke mara moja nikazichukue kabla ya mtu wa posta hajafika. Palikuwa na baridi ya kukata masikio. Niliporudi hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba mtu tunayemwandikia hatumdai chochote, na sisi ndio tunaokwenda kubisha mlangoni kwake. Haifai tumwombe jina lake, kisha tumtume akanunue stempu, atafute bahasha, aandike anwani yetu. Mwaka 2025 stempu ya barua ya kawaida Marekani ilifikia senti 78. Si fedha nyingi. Lakini anayeitoa anapaswa kuwa mwombaji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafakari bahasha ile. Sisi tunasema mwomba chumvi huombea chungu chake, na tunalisema hilo kumpa moyo anayeona haya kuomba. Ni neno zuri. Ila halitwambii chumvi huombwaje. Nimeombwa mambo mengi maishani, na ninyi pia mmeombwa: na ndugu, na majirani, na watu waliotukumbuka siku ya shida baada ya miaka kumi ya kimya. Mara nyingi kilichonichosha hakikuwa kitu chenyewe. Kilichonichosha ni kuachiwa kazi yote: nimtafute fundi, nifuatilie, nipande basi, nipige simu, nijieleze. Bahasha ya pili huondoa yote hayo. Aliyeombwa amebakiziwa jambo moja tu, ambalo hakuna mwingine awezaye kulifanya kwa niaba yake, yaani kuandika jina lake. Hata akiamua kukataa, amerahisishiwa kukataa. Aitie kadi ndani ya bahasha bila saini na mambo yamekwisha, pasipo kutazamana usoni wala kutafuta udhuru.

Na kuna jambo dogo ambalo mpaka leo hunigusa. Bahasha inayorudi ina mwandiko wako mwenyewe. Unafungua sanduku la barua, katikati ya bili na matangazo ya maduka, unakutana na jina lako kwa mkono wako, limegongwa muhuri wa mji ambao hujawahi kufika.

Mzee alikuwa na sharti jingine, na hili lilinigharimu muda zaidi. Barua haikuruhusiwa kuondoka mpaka iwe na jambo moja la kweli kuhusu huyo mtu ambalo halikuandikwa nyuma ya kadi. Nililazimika kusoma magazeti ya zamani, kumwuliza mzee, kupekua. Hakuna kusema "wewe ni shujaa wangu" kwa mtu ambaye jina lake umelijua jana. Mzee aliliita hilo uongo, na aliamini kwamba mtu aliyesoma maelfu ya barua huunusa uongo kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Chukua mfano wa Carl Erskine. Alikuwa mrushaji wa Dodgers kuanzia 1948 mpaka 1959, timu ile ile ya Jackie Robinson, mtu Mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi wa Ligi Kuu mwaka 1947. Katika fainali za 1953, Erskine aliwaondoa kwa mirusho yake pekee wapigaji 14 wa timu ya Yankees katika mechi moja, na wakati ule hiyo ilikuwa rekodi ya fainali. Hayo yako kwenye vitabu vyote. Lakini barua aliyonisomea mzee, nami nikaiandika, haikugusa hata kimoja. Ilihusu mwanawe Erskine, Jimmy, aliyezaliwa mwaka 1960 akiwa na ugonjwa wa Down, wakati ambao familia za Marekani zilishauriwa kuwapeleka watoto kama hao katika taasisi na kuwasahau. Erskine na mkewe walimrudisha mtoto wao nyumbani, Anderson, jimboni Indiana, wakamlea huko pamoja na ndugu zake, akakua, akafanya kazi. Erskine mwenyewe akawa mtetezi wa michezo ya watu wenye ulemavu jimboni mwake mpaka uzeeni. Mzee alikuwa na mpwa mwenye hali hiyo hiyo. Hilo ndilo alilomwandikia.

Kadi ya Erskine iko katika sanduku la herufi E. Ninapoikumbuka, siikumbuki saini. Nakumbuka nikimwona mzee anatafuta maneno, anafuta, anaanza tena, kwa ajili ya mtu ambaye hangekutana naye kamwe. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nilikuwa nimeisema methali hiyo tangu utotoni bila kujua nusu hiyo ni nzito kiasi gani.

Erskine alikuwa na jina, hata hivyo. Wengi katika masanduku yale hawakuwa nalo, na hapa ndipo mzee alinifungua macho. Alipenda zaidi wale waliocheza kidogo: miezi miwili, msimu mmoja, mechi tisa. Nikamwuliza kwa nini, na badala ya kunijibu kuhusu mchezo akanieleza kuhusu pensheni.

Tangu mwaka 1980, mchezaji wa Ligi Kuu anapata haki ya pensheni akitimiza siku 43 katika timu. Kabla ya hapo ilibidi atimize miaka minne. Kanuni ilipolegezwa haikurudi nyuma kuwachukua waliotangulia. Mamia ya wanaume waliocheza miaka ya 1950, 1960 na 1970, wakaumia, au wakarudishwa ligi za chini kabla ya kufikisha miaka minne, wakaachwa nje. Mwaka 2011, zaidi ya miaka thelathini baadaye, ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuwapa kitu: dola 625 kwa kila siku 43 alizokuwa timuni, isizidi dola 10,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Mwaka 2022 kiasi hicho kiliongezwa kwa asilimia 15. Mchezaji akifa, malipo yanakoma. Mjane harithi.

Nilipolisikia hilo nilikasirika, na sijaona sababu ya kuacha kukasirika. Ni ligi inayohesabu mapato yake kwa mabilioni. Mwaka 2022 huo huo, kadi moja ya mchezaji Mickey Mantle, iliyochapwa na Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Kadi, kipande cha karatasi. Na kuna mtu aliyesimama kwenye nyasi zile zile akirushiwa mipira ile ile, leo ana miaka themanini, anahesabu vidonge vyake.

Bila shaka barua ya mzee wangu haikumlipia mtu yeyote dawa. Sitaki kuipa sifa isiyo yake. Lakini nimeona majibu. Mchezaji mashuhuri hurudisha kadi na saini yake, na ni vizuri. Yule wa mechi tisa hurudisha kadi, na saini, na pengine ukurasa mzima: jinsi kocha alivyomwita ofisini, basi aliloondokea, mke aliyekuwa anamngoja. Mmoja aliandika kwamba barua yetu ilikuwa ya kwanza kwa mwaka ule, na kwamba aliipeleka mezani kwa wajukuu waisome kwa sauti, kwa sababu hawakuwa wakimwamini. Aliyekulia na kadi za salamu za redioni anaelewa. Unakaa Sikonge au Kitui, mtangazaji anasoma jina lako usiku, na kesho yake unatembea sokoni kama mtu aliyeongezwa kimo.

Umaarufu una tabia ya kuchelewa. Huko huko Minnesota, katika mji mdogo wa machimbo ya chuma uitwao Chisholm, aliishi daktari Archibald Graham. Aliwahi kucheza Ligi Kuu mara moja tu, tarehe 29 Juni 1905, katika timu ya New York Giants. Aliingia mechi ikielekea mwisho, akasimama uwanjani, zamu yake ya kupiga haikufika. Kisha akashika udaktari, akawatibu watoto wa shule wa Chisholm kwa miongo kadhaa, akafariki mwaka 1965. Riwaya iliyomtaja ilitoka mwaka 1982, na filamu iliyotokana nayo mwaka 1989. Leo hii mamilioni wanamjua. Ningependa kujua ni barua ngapi za aina ile zilifika kwake akiwa hai.

Mchezaji ambaye Minnesota nzima ilimpenda alikuwa Harmon Killebrew. Tarehe 3 Juni 1967 aliupiga mpira umbali uliokadiriwa kuwa futi 520. Uwanja ule ulibomolewa zamani, na mahali pake pakajengwa duka kubwa la Mall of America. Ukienda leo, inua macho ukutani, juu kabisa, karibu na bembea za watoto, utaona kiti kimoja chekundu. Kimewekwa pale mpira ulipoangukia. Mzee alinituma nikakione, na nilipokitazama shingo iliniuma.

Lakini alichotaka nijue kuhusu Killebrew ni mwandiko wake. Alimaliza akiwa na mipigo 573 iliyovuka uzio, akaingizwa katika Jumba la Mashujaa kule Cooperstown mwaka 1984, na maisha yake yote aliandika jina lake kwa ukamilifu, kila herufi na nafasi yake, kwa mtoto na kwa mwenye mnada sawasawa. Alipoona wachezaji vijana wa timu yake ya zamani wakichora mstari na kuuita saini, aliwakalisha chini. Torii Hunter, nyota wa miaka ya 2000, amesimulia mara nyingi jinsi Killebrew alivyoitazama saini yake akamwuliza hiki ni nini, akamweleza kwamba ataondoka duniani na watu watashindwa kujua saini ile ilikuwa ya nani. Hunter akabadili mwandiko. Hata leo saini yake inasomeka.

Nilikuwa nikidhani mwandiko safi ni suala la shule. Killebrew alikuwa wa kizazi kilichofundishwa mwandiko wa kuunganisha kama somo kamili. Shule nyingi za Marekani ziliuacha baadaye, na California imeurudisha kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2024. Ila shule haiwezi kueleza yote. Mtu anayeandika jina mara laki moja anajua kabisa kwamba kwake ni mara ya laki moja, na kwa anayepokea ni mara ya kwanza na ya mwisho. Killebrew aliandika kwa ajili ya huyu wa pili. Karani wa benki, muuguzi anayejaza cheti, mwalimu anayeweka alama kwenye daftari la hamsini usiku, wote wana nafasi ya kufanya alivyofanya yeye. Wengi wetu tunachora mstari.

Yapo yanayouharibu uraibu huu, na ni mabaya. Wapo watu wazima wanaojifanya watoto wagonjwa katika barua zao. Wapo wanaotuma kadi kumi katika bahasha moja, kisha wakaziuza kabla wino haujakauka. Na pale fedha zilipokuwa nyingi walikuja waghushi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen kusini mwa California, likakamata mtandao uliokuwa ukitengeneza saini za uongo kwa wingi wa kiwanda. Walighushi za wachezaji waliokufa na walio hai. Walifika mahali pa kuuza mipira ya beseboli yenye saini ya Mama Teresa.

Matokeo yake yanawafikia wasiohusika. Wazee wengi wameacha kujibu. Wengine hutoza dola tano, kumi, ishirini kwa saini, na wengine huzipeleka fedha hizo kwenye mfuko wa hisani. Nimewasikia wakusanyaji wakilalamika kwamba hiyo ni tamaa. Mimi siwalaumu wazee hao hata kidogo. Mtu aliyeuziwa wema wake sokoni ana haki ya kuuwekea mlango. Ninayemlaumu ni yule aliyetuma kadi kumi.

Mzee wangu alijilinda kwa kanuni ngumu. Kadi moja kwa mtu mmoja, maisha yote. Hakuna kuuza. Na alikuwa na kisanduku kidogo cha bati, tofauti na vingine, cha watu ambao hakutaka waandikiwe tena. Sikukielewa mpaka nilipovifungua vikaratasi vyake. Huyu amefiwa na mke. Huyu amepata kiharusi. Huyu saini yake iliyotoka kwenye barua ya jirani ilionekana imetetemeka, hivyo aachwe. Mwenyewe mikono yake ikiwa inacheza kama majani, alijua kuandika jina kunamgharimu mtu nini. Kuna barua mbili nilikwisha kuzifunga na kuzibandika stempu, akasoma habari gazetini kuhusu afya ya mmoja wao, akaniambia nizifungue zote mbili kwa sababu hakumbuki vizuri ni yupi. Tulizifungua kwa mvuke wa birika.

Nimewahi kuulizwa na dada yangu, kwa simu, kwamba huyo mzee anapata faida gani. Nilimjibu ovyo, nikasema ni mambo ya Wazungu. Sikusema kweli, na nililijua hilo nikiwa bado naongea. Babu yetu alikuwa na daftari la wote waliowahi kumkopesha mbegu, hata waliokufa, na kila mwaka wa mavuno mazuri alikwenda kuwasalimu wao au watoto wao. Hakuwa akirudisha mbegu. Hizo alikwisha kuzirudisha zamani. Alikuwa anawaambia kwamba hajasahau. Nikikaa na kulinganisha daftari lile na masanduku yale ya viatu, naona ni kazi moja imefanywa na wazee wawili wasiojuana.

Mwaka wa nne mzee alihamia kwa binti yake, jimbo jingine. Masanduku yalikwenda naye. Aliniachia kadi sita zisizo na saini, akaniagiza nichague moja, niandike barua yangu mwenyewe, kwa jina langu.

Nilichagua mtu aliyecheza msimu mmoja na robo, miaka ya 1960. Jina lake nitaliacha, maana ni mtu wa nyumbani kwake siku hizi. Nilisoma juu yake kwa majuma mawili. Nikakuta kwamba mechi yake ya mwisho aliicheza baada ya kusafiri usiku kucha kwa basi kutoka ligi ya chini, akapewa zamu moja tu ya kupiga, akaupiga mpira vizuri, ukadakwa. Niliandika hilo. Niliandika pia kwamba natoka Tanzania, na kwamba sikuujua mchezo huu mpaka nilipokutana na mzee wangu. Nikaomba. Nikaweka bahasha ya pili, nikabandika stempu, nikainua kibendera.

Siku arobaini na moja baadaye niliukuta mwandiko wangu sandukuni. Kadi ilikuwa imetiwa saini kwa kalamu ya bluu, jina zima, kila herufi mahali pake. Nyuma ya barua yangu mwenyewe alikuwa ameniandikia kwa herufi kubwa kubwa, za mtu asiyeona vizuri. Kwanza alinisahihisha: mpira haukudakwa hivi hivi, ulidakwa kwa kuruka, na aliyeudaka alibahatika. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna watoto wanaocheza beseboli.

Nilimwandikia kurasa nne. Nilimweleza kwamba wapo, na kwamba uko uwanja wao Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Nilimweleza kuhusu mchezo wetu wa rede na kuhusu magongo tuliyochonga ya miembe, na kuhusu babu na daftari lake. Niliiandika kwa mkono, nikaisoma upya kuhakikisha kila neno linasomeka, nikaitia katika bahasha moja. Ya pili sikuiweka, kwa sababu safari hii sikuwa na la kuomba.